Dar es Salaam inahesabu watu, haihesabu makabila

Karani wa sensa aliyepita nyumba kwa nyumba Segerea mwezi Agosti 2022 aliuliza mengi. Nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, ana umri gani, amesoma mpaka wapi, anafanya kazi gani, maji mnapata wapi, choo chenu ni cha aina gani. Hakuuliza kabila wala dini.

Wageni hushangaa. Marekani huuliza asili ya kila mkazi, na sensa yao ya 2020 ilionyesha kwamba huko California, jimbo lao lenye watu wengi kuliko yote, Walatino ni takriban asilimia 39 na Wazungu takriban 35. Jirani zetu Kenya nao huuliza: sensa ya 2019 ilitaja Wakikuyu zaidi ya milioni 8, wakifuatiwa na Waluhya na Wakalenjin. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, lakini mara ya mwisho sensa kuuliza kabila ilikuwa 1967. Mwaka huo Wasukuma ndio waliokuwa wengi zaidi, karibu asilimia 13 ya Watanzania wote. Kwa hiyo ukimsikia mtu kwenye daladala la Segerea Mwisho akikwambia Wachaga wa Dar ni asilimia kadhaa na Wahaya asilimia kadhaa, anakisia tu.

Swali halikusahauliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu. Vyama vya kikabila, ambavyo Dar es Salaam ya mkoloni ilikuwa navyo vingi, ukiwemo Umoja wa Wazaramo, vilikosa nafasi katika siasa. Vyama vingi viliporudi, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ilikataza kusajili chama chenye misingi ya kabila, dini au eneo. Hoja ni ile ile: idadi ikishajulikana, wapo watakaodai mgao kwa idadi hiyo. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilitaka swali la dini lirudishwe na vikatishia kususia sensa. Serikali haikukubali.

Kinachohesabiwa ni vichwa, na vichwa vimeongezeka kweli kweli. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu takriban 270,000. Mwaka 1978 mkoa ulikuwa na 843,090, mwaka 1988 ukafika 1,360,850, na mwaka 2002 karibu milioni 2.5. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Katika hao, 1,649,912 wako Ilala, wilaya ambayo Segerea imo, nayo inaongoza kwa watu mkoani.

Kuna jambo hapa linalowapotosha wengi. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 kasi ilishuka hadi asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa wa 3.2. Je, watu wameacha kuja mjini? Hapana. Angalia mkoa wa Pwani unaopakana nasi: ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka 10 baadaye ukawa na 2,024,947. Jiji limefurika na kuvuka mpaka wake. Mtu aliyepanga Tabata amenunua kiwanja Mkuranga, Kisarawe au Kibaha, na asubuhi yuko barabarani kurudi Kariakoo kazini. Kwenye takwimu yeye ni wa Pwani, ila foleni anaikaa ya Dar.

Segerea yenyewe ilijazwa kwa njia hiyo hiyo. Jina la Minazi Mirefu, kata iliyo katika jimbo hilo hilo la Segerea, linakueleza palikuwa na nini kabla ya nyumba za tofali. Mashamba yalikatwa viwanja, akaja Mpare akajenga, Mnyakyusa akajenga ubavuni pake, Mmakonde akapanga uani. Watoto wao wanazungumza Kiswahili wakiwa nyumbani, na wengi lugha ya babu wanaisikia Desemba tu, wakienda kijijini. Kabila halijafa lakini. Lipo kwenye vikao vya harusi, kwenye vikundi vya kuzikana, na kwenye utani wa Mchaga na Mpare, au wa Mzaramo na Mnyamwezi ambao chanzo chake ni misafara ya biashara ya zamani.

Mimi naona uamuzi wa kutouliza kabila umetusaidia. Hata hivyo una gharama, na anayeilipa zaidi ni mwenyeji. Wazaramo ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi la Waafrika wa jiji hili wakati wa Mwingereza, na mashamba ya pembezoni kwa sehemu kubwa yalikuwa yao. Kila jiji lilipopanuka, shamba liliuzwa na muuzaji akasogea mbele, na sasa wimbi limefika Kisarawe na Mkuranga, kwao hasa. Wangapi wamebaki na ardhi? Watoto wao wanafika kidato cha nne kwa kiwango gani, wakilinganishwa na wa majirani waliohamia? Sensa haiwezi kujibu, kwa kuwa haikuuliza. Mwenye malalamiko hana namba ya kuyashikia, na asiyependa kuyasikia hana namba ya kumkanusha.

Namba za vichwa, kwa upande wake, zina uzito mkubwa. Zinatumika kupanga shule, zahanati na kata, na huangaliwa pia majimbo yanapogawanywa. California, baada ya sensa ya 2020, ilipoteza kiti kimoja cha Bunge la Wawakilishi, kutoka 53 hadi 52, kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa kuwa majimbo mengine yalikua haraka zaidi. Kwetu idadi ya watu ni kigezo kimojawapo tu, pamoja na vingine kama ukubwa wa eneo na mawasiliano, kwa hiyo mkoa wenye watu wengi haupati wabunge kwa uwiano kamili wa vichwa vyake. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo nchini, na Dar es Salaam ikapata mawili: Kivule, lililotoka Ukonga, na Chamazi, lililotoka Mbagala. Segerea halikugawanywa. Kuanzia Buguruni hadi Kinyerezi, wakazi wake wataendelea kugombania mbunge mmoja.