Je, Wajua? Mazishi ya Mwanasesere

Mwaka 1872, akiwa London, Mfaransa Charles Gounod alitunga kwa piano muziki wa mazishi ya mwanasesere wa nyuzi aliyefia kwenye pambano. Kwa kawaida muziki wa kusindikiza jeneza huenda polepole, kwa mapigo mazito. Gounod alibakiza huzuni ya ufunguo wa D maina, lakini akauchangamsha mwendo na kuuweka katika mapigo ya 6/8. Ndiyo maana hatua za wafiwa zinasikika kama zinarukaruka. Katikati, wafiwa wanaposimama mgahawani kupata kinywaji, muziki unahamia D meja na kukunjuka. Mwaka 1879 aliupangia okestra. Kuanzia 1955, ulifungua kipindi cha televisheni cha Alfred Hitchcock nchini Marekani.