Kupima Siliaki Nyumbani: Tone la Damu Linaweza Kusema Nini

Siliaki ni ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inapoushambulia utumbo mwembamba kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Gluteni haisagwi yote tumboni. Masalia yake yakipenya ukuta wa utumbo, kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi huyabadilisha kidogo, na kwa mwenye vinasaba vya aina fulani, seli za kinga huyaona kuwa adui. Katika vurugu hiyo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya transglutaminesi yake wenyewe. Vijidole vidogo vinavyofunika ukuta wa utumbo na kufyonza virutubisho hufupika, mwishowe ukuta hubaki bapa. Mmoja atahara na kukonda, mwingine tumbo litajaa gesi tu, na wapo ambao dalili yao pekee ni upungufu wa damu usiokubali vidonge vya madini ya chuma. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, na wengi wao hawajui kuwa wanao.

Kwamba ngano ndiyo mchokozi kulithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, katika miaka ya 1940, na tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Msingi wa vipimo vya leo, hata hivyo, ulipatikana mwaka 1997, watafiti wa Berlin wakiongozwa na Detlef Schuppan walipogundua kuwa transglutaminesi ndiyo inayolengwa na kingamwili za wagonjwa. Tangu hapo ikawezekana kutafuta kingamwili hizo, hasa zile za aina ya IgA, katika damu kidogo sana, na hatimaye katika tone linalotoka kidoleni mtu akiwa nyumbani kwake.

Vifaa vya aina hii vinauzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya na kwenye maduka ya mtandaoni, na namna ya kuvitumia haimsumbui aliyewahi kuona kipimo cha haraka cha malaria. Kidole huchomwa kwa kisindano, damu huchanganywa na kimiminika kilichomo kwenye pakiti, kisha mchanganyiko hudondoshwa kwenye kifaa na majibu husubiriwa kwa dakika chache. Mstari mmoja huonyesha kuwa kifaa kimefanya kazi. Wa pili ukitokea, kingamwili zipo. Baadhi ya vifaa hivi vimebuniwa kwa werevu wa kuvutia: havina transglutaminesi ya kiwandani, bali hutumia ile iliyomo ndani ya seli nyekundu za damu ya mpimwaji, ambazo hupasuliwa na kimiminika hicho. Njia nyingine ni kudondosha damu kwenye kadi maalumu, kuiacha ikauke na kuituma maabara. Hii huchukua siku kadhaa, lakini maabara hutoa kiwango kwa tarakimu, nacho humsaidia daktari kuliko mstari wa rangi.

Mstari wa rangi una tatizo lake, nalo ni jicho linaloutazama. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa Hungaria, ambako wauguzi wa jamii waliwapima kwa kifaa cha haraka watoto 2,690 wenye umri wa miaka sita. Watoto 37 walithibitishwa kuwa na siliaki, na watano tu kati yao walikuwa wanajulikana kabla ya hapo. Kipimo hakikumsingizia mtoto yeyote, lakini mikononi mwa wauguzi kiliwakosa takriban wagonjwa 2 kati ya kila 10. Watu wa maabara waliozoea kusoma mistari hafifu walipotumia kifaa hichohicho, walinasa karibu wote. Ikiwa muuguzi aliyefundishwa aliweza kupitwa na mstari hafifu, mtu anayejipima kwa mara ya kwanza, chini ya taa ya chumbani, atapitwa kwa urahisi zaidi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hufanyika jikoni, wiki nyingi kabla kidole hakijachomwa. Kingamwili hutengenezwa kwa sababu gluteni inaliwa; mtu akiacha ngano, kingamwili hizo hupungua na baada ya miezi kadhaa zinaweza kutoonekana kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza humtaka anayekwenda kupimwa awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita au zaidi. Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Ugali wa mahindi au wa muhogo, wali, ndizi, mtama na ulezi havina gluteni. Iko kwenye chapati, mandazi, mkate, tambi, bia ya shayiri na baadhi ya michanganyiko ya uji wa lishe. Anayeonja andazi mara moja kwa wiki anaweza kupata jibu la kutokuwa na kingamwili lisilothibitisha lolote.

Lipo pia kundi ambalo kipimo cha IgA hakiwezi kulinasa. Takriban 2 hadi 3 kati ya wagonjwa 100 wa siliaki hawana IgA ya kutosha mwilini, kwa hiyo kingamwili inayotafutwa haipo hata utumbo ukiwa umeharibika. Hospitali hupima kwanza jumla ya IgA, na ikiwa haipo hutafuta kingamwili za aina ya IgG. Ni vifaa vichache vya nyumbani vyenye uwezo huo.

Kipimo cha vinasaba, kinachotumia mate au usufi uliosuguliwa ndani ya shavu, hakitegemei chakula. Hutafuta HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Asiye na vyote viwili karibu hawezi kupata siliaki, na hapo ndipo faida yake inapoishia, kwa kuwa theluthi moja hivi ya watu wa Ulaya wana angalau kimoja na wachache tu kati yao huugua. Vile vipimo vinavyodai kusoma "mzio wa vyakula" kwa unywele, au kwa IgG ya makumi ya vyakula, havitambui siliaki, hata viuzwe ghali namna gani.

Jibu likionyesha kingamwili, hatua inayofuata ni hospitali, na ngano iendelee kuliwa hadi uchunguzi uishe. Ushauri huu huwashangaza wengi, maana hamu ya kwanza ni kutupa unga wote wa ngano siku hiyohiyo. Daktari hurudia kipimo kwa damu ya mshipani, kisha kwa mtu mzima mara nyingi hupitisha mpira wenye kamera na kuchukua vipande kadhaa vya utumbo. Kwa watoto, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu kuacha hatua hiyo ikiwa kiwango cha kingamwili ni mara 10 au zaidi ya kikomo cha kawaida na kipimo cha pili cha aina tofauti kimekubaliana nacho.

Jibu likikosa kingamwili huku dalili zikiendelea, hospitali bado inahitajika. Vimelea vya giardia, kifua kikuu cha utumbo, VVU na tumbo lisilostahimili maziwa huleta malalamiko yanayofanana, na katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki ni busara daktari kuanza na hayo. Ndugu wa damu wa mgonjwa, wenye kisukari cha aina ya kwanza na wenye ugonjwa wa tezi unaotokana na kinga ya mwili wana sababu ya kupimwa hata bila dalili. Kwa aliyekwisha kuthibitishwa na kuacha gluteni, kingamwili hupimwa tena kila baada ya muda. Zikishuka ni dalili njema, ingawa utumbo unaweza kuchukua mwaka au zaidi kupona, na kwa watu wazima wengine haurudi kabisa katika hali yake ya awali.