Semduda wa Ng'uruhe na mtoto aliyeachiwa jina

Leo naomba nikupeleke Kilolo, mkoani Iringa. Ukitoka Iringa mjini ukashuka Ipogolo, kisha ukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima kuelekea Dabaga, utaona mashamba ya viazi na njegere, miti ya misindano, na ukungu ambao wakati mwingine hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Huko ndiko iliko Ng'uruhe. Msafiri anapita bila kushtuka. Lakini Wahehe wakisimulia utawala wao ulikoanzia, hawaanzi na Kalenga wala Lugalo. Wanaanza na Ng'uruhe, na binti aliyepata mimba nyumbani kwa baba yake.

Wazee wanalisimulia kwa namna zaidi ya moja, ila kiini chake ni kimoja. Ng'uruhe ilikuwa na mtemi aitwaye Mududa. Siku moja akafika mgeni kutoka upande wa Usagara, mwindaji hodari, akapokewa vizuri. Akamzoea binti wa mtemi, Semduda, na binti akashika mimba. Kabla mtoto hajazaliwa, mgeni akaondoka. Alichomwachia binti ni maagizo: ukijifungua mtoto wa kiume, mwite Muyinga. Huko porini alikoendelea na uwindaji wake akauawa na nyati.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Muyinga kama ilivyoagizwa, akalelewa na babu yake mzaa mama. Mwishowe utawala wa Ng'uruhe ukaangukia mikononi mwake. Kutoka kwake ukatokea ukoo wa Muyinga, na kutoka ukoo huo akatokea Munyigumba aliyeziunganisha himaya ndogo ndogo za Uhehe, na baada yake mwanawe Mkwavinyika, ambaye wewe na mimi tunamwita Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Na mwaka 1962, Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika. Hayo yote, kwa simulizi la wazee, yamepitia tumbo la binti aliyeachwa.

Sasa tazama majina. Mufwimi, jina analoitwa yule mgeni, kwa Kihehe ni mwindaji. Hilo si jina, ni kazi yake. Na Semduda? Kwa desturi ya Wahehe, mwanamke huitwa kwa jina la ukoo wa baba yake likitanguliwa na "Se". Kwa hiyo Semduda maana yake ni binti wa kwa Mududa, basi. Jina aliloitwa na mama yake alipokuwa akichota maji halimo katika simulizi. Mwenye jina kamili hapo ni mtoto tu.

Nimelifikiria jambo hili kwa sababu ya hadithi nyingine, ya mbali kabisa, ya Wayunani. Usishangae, msomaji. Hata Paulo alipofika Athene alizunguka akatazama madhabahu zao kabla ya kusema nao, kama tunavyosoma katika Matendo 17. Mji huo wa Athene ulikuwa na shujaa wake wa kale, Theseus, na Wayunani walisimulia kuzaliwa kwake hivi. Mfalme Aegeus wa Athene hakuwa na mtoto. Akiwa njiani kurudi kutoka Delphi alikokwenda kuuliza kwa waaguzi, alipita Troezen kwa mwenzake Pittheus. Pittheus akamnywesha mvinyo, akamlaza na binti yake, Aethra. Asubuhi mgeni akajiandaa kuondoka. Akachukua upanga wake na viatu vyake, akavificha chini ya jiwe kubwa, akamwambia Aethra: akizaliwa wa kiume, akaweza kuliinua jiwe hili, mpe vitu hivi aje kwangu, lakini aje kimyakimya.

Mtoto naye akalelewa na babu mzaa mama. Watu walipouliza baba ni nani, Pittheus alieneza habari kwamba baba ni Poseidon, mungu wa bahari. (Sisi kwetu husema baba yake yuko safarini. Ni uongo uleule, ila wa kwetu ni wa bei nafuu.)

Theseus alipokua akaliinua jiwe, akavaa viatu, akaenda Athene akawa mkuu. Habari zake zimejaa vitabuni. Aethra je? Hapa ndipo watu wengi hawafiki, kwa sababu yeye ni mtu mdogo katika hadithi ya mtu mkubwa. Theseus, akiwa mtu mzima, alimteka msichana Helen na kumficha kwa mama yake. Kaka zake Helen, mapacha Castor na Pollux, wakaja kumkomboa dada yao. Mwenye kosa hakuwapo nyumbani. Aliyekuwapo ni mama yake. Wakamchukua yeye, wakamfanya mtumwa wa Helen. Na katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya, Aethra anatajwa mara moja tu, akimfuata Helen kama mjakazi. Binti wa mfalme, mama wa shujaa, anahudumia nyumba ya watu ugenini akiwa kikongwe, kwa kosa ambalo hakulitenda. Inasemekana wajukuu zake ndio waliokuja kumtoa, Troya ilipoanguka.

Na mapacha hao unawafahamu, ingawa labda hukuwatilia maanani. Fungua Matendo 28. Paulo alipoondoka Malta kwenda Rumi akiwa mfungwa, alipanda meli iliyobeba alama ya mapacha. Ni hao hao. Mabaharia waliwaheshimu kama walinzi wa safari. Mimi kila nikifika mstari huo namkumbuka yule mama.

Kwa nini nakusumbua na mambo ya Wayunani Jumapili asubuhi? Kwa sababu ya lile swali la alichoacha baba. Aegeus aliacha upanga na viatu. Mufwimi aliacha jina. Katika Mwanzo 38, Yuda alimwachia Tamari muhuri, kamba na fimbo, akidhani amekutana na kahaba wa njiani, kumbe ni mkwewe. Miezi mitatu baadaye akaletewa habari kwamba Tamari ana mimba, naye bila kusita akaamuru atolewe achomwe moto. Angalia alivyokuwa mwepesi. Ndipo Tamari akatuma vile vitu vitatu, kwa utulivu, na ujumbe kwamba mwenye vitu hivi ndiye. Yuda akavitambua, akakiri mbele ya watu kuwa Tamari ana haki kumzidi yeye. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Daudi na Bathsheba. Juu ya sura hii ya 38, machache mno.

Mathayo hakuiona aibu. Katika sura yake ya kwanza, akiorodhesha wanaume kizazi baada ya kizazi, anasimama mara chache kutaja mwanamke: Tamari, Rahabu, Ruthu, yule aliyekuwa mke wa Uria, na hatimaye Mariamu. Angeweza kuwaruka. Nasaba nyingi huwaruka. Na akishamtaja Mariamu, anatueleza habari za Yusufu, aliyekuwa amekwisha kuamua kumwacha kwa siri. Baada ya ile ndoto, Yusufu anafanya nini? Anampa mtoto jina. Mufwimi naye alitoa jina, lakini Yusufu alipolitoa alibaki. Usiku mmoja aliamka akawachukua mama na mtoto wakakimbilia Misri, kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa.

Siku hizi kinachoachwa ni namba ya simu. Wiki ya kwanza inaita, ya tatu haipatikani.

Sheria zetu, kwa kweli, hazijakaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama uwezo wa kuamua nani ni baba wa mtoto na kumwamuru atoe matunzo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtishia anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Na Novemba 2021, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaweza kurudi shuleni. Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu lilimfikia binti mwenyewe. Lakini wewe unajua na mimi najua: ile miaka 30 mara nyingi huishia sebuleni, baba wa binti na baba wa kijana wakikaa na mashahidi, wakikubaliana fedha, na binti akiwa jikoni anachemsha chai ya kikao.

Mkoa wa Iringa unajua habari za babu na bibi kulea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha maambukizi ya VVU mkoani humo, wakati huo ukiwa pamoja na Njombe, kuwa karibu asilimia 16, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Katika vijiji vya Kilolo wazee waliozika watoto wao walianza upya kufunga wajukuu migongoni. Kwa hiyo kumpokea mjukuu si jambo geni huko. Kigeni ni kumpokea mama yake. Binti anaambiwa amwache mtoto kwa bibi, apande basi la Dar es Salaam akawe dada wa kazi, alee watoto wa wengine. Pale Ilula, mabasi yanaposimama abiria wakinunua nyanya na vitunguu, wamo mabinti wa namna hiyo dirishani. Ndiyo maana habari ya Aethra kwangu si ya Wayunani tu.

Mududa angeweza kumfukuza binti yake. Mtemi aliyepewa aibu na mgeni aliyekula nyumbani kwake, nani angemlaumu? Na kama angemfukuza, sijui ni nani angekuwa pale Lugalo mwaka 1891. Lakini hebu tuache hilo la Lugalo, maana lina hatari yake: tusije tukampokea mtoto kwa kuwa huenda atakuwa mtemi. Hajiri alipomlaza Ishmaeli chini ya kichaka jangwani, maji yakiwa yamekwisha, Mungu alisikia sauti ya kijana pale pale alipokuwa. Alikuwa bado hajawa kitu.

Nina la kwangu la kusema, na silisemi kwa kujivuna. Niliwahi kukaa katika kikao cha wazee wa usharika ambao sitautaja. Tulikuwa na ajenda ya binti wa kidato cha pili aliyekuwa na mimba. Tulichukua dakika chache tu kumtenga, kwa utaratibu, kwa mistari ya Biblia, na mwandishi akaandika. Jina la kijana lilijulikana. Alikuwa kwaya, anapiga kinanda, na Jumapili iliyofuata alipiga kama kawaida. Mtu mmoja aliuliza, "Na huyu mwenzake?" Mwenyekiti akasema hakuna ushahidi. Nami nilinyamaza. Ushahidi ulikuwa tumboni, lakini Tamari alikuwa na muhuri na fimbo. Huyu hakuwa na kitu mkononi.

Binti alijifungua, akamwacha mtoto na kwenda mjini. Babu yake mtoto, mzee mkulima wa viazi asiyesema sana, alimleta mjukuu kubatizwa. Mwandishi akajaza fomu. Akafika mahali pa jina la baba, kalamu ikasimama. Akamuuliza mzee aandike nini.

"Kamwene," mzee akatusalimu upya, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, nasi tukaitikia. Kisha akasema, "Andika la kwangu, mwanangu. Na pale pa mama uandike la binti yangu, lote, na la ubatizo."

Tukaandika. Mtoto yule sasa yuko darasa la nne. Mama yake hutuma fedha za sare kila Januari, na akija likizo haingii kanisani. Hukaa nyumbani kwa baba yake mpaka ibada iishe, kwa sababu katika daftari letu bado ametengwa, na kumrudisha kunataka asimame mbele ya usharika kutubu, peke yake. Mpiga kinanda alikwisha kuoa, kwa ndoa takatifu.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi. Nimemwomba mwenyekiti jambo hilo liwe ajenda ya kwanza, na nimemwambia kwamba safari hii nitaleta na Mwanzo 38 tuisome yote, kabla ya sala ya kufungua.