Mwalimu Mkuu Aliyerudi Darasani

Somo: Yohana 13:1–17

Leo twawaomba mtembee nasi kidogo katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ile tunayoiita Eastlands. Ukitoka katikati ya jiji na kupita soko la Gikomba, utafika Pumwani. Ni mtaa wa zamani, ulioanzishwa miaka ya 1920 na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Jina lenyewe latukumbusha kupumua na kupumzika. Lakini mgeni mmoja alifika hapo akiwa mzee wa kustahili kupumzika, naye akaja kufanya kazi.

Mgeni huyo aliitwa Edward Carey Francis. Hakuwa askofu wala kasisi. Alikuwa mwalimu wa shule.

Alizaliwa London mwaka 1897. Alikuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kufaulu sana, hata akawa mwalimu wa somo hilo katika Chuo cha Peterhouse. Njia ya heshima ilikuwa wazi mbele yake. Lakini mwaka 1928 aliacha kazi hiyo, akaja Kenya chini ya misioni ya C.M.S. kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Kisumu. Alikaa huko miaka kumi na miwili. Mwaka 1940 akahamia Alliance High School, Kikuyu, shule iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Huko alikuwa mwalimu mkuu hadi mwaka 1962.

Ndugu zetu, tusimfanye malaika. Alikuwa mtu mkali, mwenye kushika sheria, na wako waliomwogopa. Tena alikuwa Mwingereza katika siku za ukoloni, na alipinga vita vya Mau Mau ambavyo wengi wa wanafunzi wake waliviona kuwa ni vya kudai haki yao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance tangu 1955 hadi 1958, aliandika kumbukumbu za miaka hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2012. Anasimulia jinsi alivyorudi nyumbani likizo ya kwanza na kukuta kijiji chao kimebomolewa. Ndani ya ua wa shule palikuwa na vitabu na sala. Nje ya ua watu walikuwa wakilia. Mwalimu Mkristo aliyefanya kazi katika nyakati kama hizo hawezi kusifiwa kwa kila jambo, na hatuna haja ya kufanya hivyo. Tunataka kutazama jambo moja tu, lile alilofanya mwishoni.

Mwaka 1962 Carey Francis alistaafu. Alikuwa amekaa Kenya zaidi ya miaka thelathini, naye hakuwa na mke wala watoto. Angaliweza kurudi kwao Uingereza, akapokelewa kwa heshima. Angaliweza pia kubaki hapa na kutafuta kiti katika kamati hii na baraza lile. Badala yake alikwenda katika shule ya sekondari ya Pumwani, akawa mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine.

Huenda msikilizaji akauliza, "Kuna ajabu gani hapo? Mwalimu si ni mwalimu tu?" Basi na tueleze.

Kwanza, fikirini tofauti ya shule hizo mbili. Alliance ilichagua vijana waliofaulu kupita wengine kutoka kila upande wa nchi. Pumwani ilikuwa shule ya mtaa wa watu wenye mapato madogo, ambako nyumba moja hukaa jamaa nyingi, kila jamaa na chumba chake. Mtoto wa mtaa kama huo husoma penye kelele, na mara nyingi taa huzimwa kabla hajamaliza hesabu zake. Tena nafasi zilikuwa chache mno. Mwaka wa uhuru, 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari zipatazo 150 tu, na wanafunzi wapatao 30,000. Mtoto wa Eastlands aliyepata kiti darasani alikuwa amebeba tumaini la jamaa nzima. Kumpa mtoto huyo mwalimu wa hesabu aliyefundisha Cambridge halikuwa jambo dogo.

Pili, fikirini juu ya cheo. Kwa miaka thelathini na minne mtu huyu alikuwa ndiye anayeamua. Sasa alipewa ratiba na mtu mwingine. Kengele ilipolia, alikwenda darasani kama wenzake. Wakati huo huo watu aliowafundisha walikuwa wakipanda. Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma Maseno katika siku za Carey Francis, alikuwa Makamu wa Rais tangu Desemba 1964 hadi Aprili 1966. Mwanafunzi yuko serikalini. Mwalimu yuko Pumwani na chaki mkononi.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Huyu hakungojwa, alishuka mwenyewe.

Tena kushuka siku moja si kazi ngumu sana. Hata mtu mkubwa aweza kufagia kanisa siku ya sherehe, watu wakamwona na kumsifu. Kazi ngumu ni kurudi tena Jumatatu, na Jumatatu nyingine, wakati hakuna anayetazama. Carey Francis alifanya hivyo tangu 1962 mpaka alipofariki Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68. Kifo kilimkuta bado ni mwalimu wa Pumwani.

Sasa turudi kwenye somo letu. Yohana atuambia kwamba Bwana Yesu alijua ya kuwa Baba amemkabidhi vitu vyote, tena alijua alikotoka na anakokwenda. Kisha ndipo alipoinuka mezani, akajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu. Angalieni utaratibu huo. Alijua kwanza, kisha akainama. Mtu asiyejua yeye ni nani mbele za Mungu hushikilia kiti kwa mikono miwili, maana akikiacha hana kitu kingine. Lakini mtu anayejua kwamba thamani yake i mikononi mwa Baba aweza kukiacha kiti, naye asipungukiwe.

Jambo hili latugusa sisi sote. Katika makanisa yetu tuna wazee waliokuwa wenyeviti, na tangu walipokwisha muda wao hawaonekani tena ibadani. Tunao mama walioongoza umoja wa wanawake, ambao hawawezi kuketi chini ya kiongozi mpya. Tunao walimu, wauguzi na makarani waliostaafu, wenye ujuzi mwingi, wanaokaa nyumbani wakingoja waitwe kwa heshima. Hali mtaani kwao, Jericho, Kaloleni, Makadara au Pumwani yenyewe, wako watoto wasio na mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kugawanya hesabu.

Tena na sisi tunaozungumza nanyi yatupasa kujiuliza. Je, tukiondolewa mbele ya kipaza sauti hiki, tutakubali kufundisha watoto kumi wa shule ya Jumapili? Hatuwezi kujibu upesi. Ukubwa ni jaa, wasema Waswahili. Lakini wengi wetu tumelizoea jaa hilo, hatutaki kuliacha.

Ndugu msikilizaji, huenda kazi kubwa ya maisha yako haikuwa ile uliyopewa cheo kwayo. Huenda ndiyo hii iliyobaki, mtaani pako, isiyo na jina.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeinama kuosha miguu, tuondolee hofu ya kuwa wadogo. Utuonyeshe mtoto mmoja, nyumba moja, kazi moja iliyo karibu nasi, utupe nguvu za kuirudia kesho na kesho kutwa. Kwa jina la Yesu. Amina.