Wino wa Kopo au Wino wa Kujichanganyia?



Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, kazi ya kuchapa mifuko mbadala imejiunga na ile ya zamani ya kuchapa fulana na sare katika vyama vyetu vya uzalishaji mali. Kazi yenyewe haidai mtambo mkubwa: fremu ya mbao, wavu uliokazwa, ubao wenye ukingo wa mpira wa kuvutia wino, meza, na kamba za kuanikia. Hata hivyo, liko swali moja ambalo twaulizwa karibu kila tufikapo kukagua vitabu: je, chama kinunue wino uliokwisha kuchanganywa kiwandani, kila rangi na kopo lake, au kinunue bainda na pigmenti, kisha kijichanganyie rangi kinayoitaka?

Wengi huliona swali hili kuwa la fundi peke yake. Kwa maoni yetu ni la katibu vilevile, kwa kuwa jibu lake huonekana ghalani na katika daftari la mapato na matumizi kabla halijaonekana kwenye kitambaa.

Chama kimoja, ambacho hatutakitaja, kilipata oda ya fulana za shule zenye nembo ya rangi ya damu ya mzee. Mwanachama mmoja mwenye jicho zuri alichanganya rangi hiyo kwa kijiko, akaongeza nyekundu, akatia buluu kidogo, akaridhika, na mteja akaridhika pia. Muhula uliofuata shule ikaagiza tena. Mchanganyaji alikuwa amesafiri, na hakuna aliyeandika lolote. Waliobaki wakajaribu kwa kadiri ya kumbukumbu, na rangi ikatoka imeelekea hudhurungi. Fulana 60 zilikataliwa. Tulizikuta zimefungwa kwa kamba juu ya rafu, na katika orodha ya mali ya chama zilikuwa bado zimeandikwa kwa bei kamili ya kuuzia, jambo ambalo mkaguzi hawezi kulikubali.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba dawa ni makopo. Katika chama kingine tulikuta makopo ya rangi 14, mengi yakiwa yametumika robo tu, na manne yakiwa na wino uliokauka kama ugali wa jana. Kila kopo lilinunuliwa kwa ajili ya mteja mmoja ambaye hakurudi. Huo nao ni mtaji uliokufa.

Kabla ya kuuliza habari za rangi, sharti kuuliza habari za kitambaa. Wino wa plastisoli haukauki kwa hewa wala kwa jua. Hukomaa kwa joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na chama kisicho na mashine ya joto inayoaminika kisiununue hata ukiwa wa bei nafuu. Zaidi ya hayo, mifuko mingi mbadala iuzwayo madukani haikufumwa, bali imetengenezwa kwa polipropilini, nayo huyeyuka kwenye joto la karibu kiasi hichohicho. Atakayeipitisha mifuko hiyo katika joto la kukomaza plastisoli atavuna mabonge. Kwa pamba, wino wa maji unatosha, nao huoshwa kwa maji. Kwa mifuko ya polipropilini, muuzaji aulizwe wino uliotengenezwa kwa ajili yake, na ujaribiwe kwenye mfuko mmoja kabla ya kulipia oda nzima.

Sasa turudi kwenye uchaguzi wenyewe. Wino wa kopo una sifa moja kubwa: rangi ya leo na ya mwakani hukaribiana sana, awe nani aliyeshika ubao. Twasema hukaribiana kwa makusudi, maana hata kiwandani bechi moja na nyingine zaweza kupishana kidogo. Oda kubwa inunuliwe kwa makopo yenye namba moja ya bechi. Udhaifu wake ni kwamba hununuliwa kwa kipimo cha kiwanda, si kwa kipimo cha kazi.

Katibu aweza kuupima udhaifu huo mwenyewe. Apime kopo kwa mizani kabla ya kazi, fundi achape vipande kumi, kisha kopo lipimwe tena baada ya wino uliosalia kwenye wavu kukombwa na kurudishwa kwenye mizani. Tuseme kila mfuko umetumia gramu 8. Mifuko 200 itataka gramu 1,600, na ukiongeza moja ya kumi kwa ajili ya kuharibika, gramu 1,760. Makopo mawili ya kilo moja yatabakiza gramu 240, na hilo si jambo la kulalamikia. Lakini mifuko 25 itataka gramu 220 tu pamoja na uharibifu huo, nalo kopo la kilo litabakiza gramu 780. Ikiwa ni nyeusi, kilichobaki ni akiba. Ikiwa ni zambarau ya harusi ya mtu mmoja, ni hasara ambayo haijaandikwa.

Hapo ndipo kuchanganya kunapopata nafasi yake. Pigmenti ni kali. Katika kilo moja ya wino huingia gramu chache tu. Mathalani, karatasi ya mchanganyiko yaweza kuandikwa hivi: bainda gramu 954, nyekundu 38, buluu 5, nyeusi 3, jumla 1,000. (Huu ni mfano wa namna ya kuandika, haufai kunakiliwa, kwani pigmenti za watengenezaji mbalimbali hazilingani nguvu.) Kwa kiwango hicho kilo moja ya pigmenti nyekundu itatosha kilo 26 za wino. Ni jambo la kufurahisha, ila chama kinachochapa kilo tatu kwa mwaka kitakuwa na chupa hiyo kwa miaka minane na zaidi, na haielekei kwamba itabaki nzima muda wote huo.

Wala pigmenti isizidishwe ili rangi ikoze. Bainda ndiyo inayoishika kwenye uzi. Pigmenti ikizidi kipimo alichokiweka mtengenezaji, ya ziada haina kinachoishika, na mteja ataiona kwenye beseni siku ya kufua. Dawa ya kukaza rangi nayo itiwe kwenye wino wa kazi ya siku hiyo tu, kwa kuwa baada ya kutiwa, wino huo haukai muda mrefu. Kinachowekwa ghalani ni rangi isiyotiwa dawa.

Kijiko kiachwe jikoni. Kwa mafungu madogo inatakiwa mizani yenye kuonyesha sehemu ya kumi ya gramu. Chama kisicho nayo kisichanganye rangi za kuuza. Fundi aanze na rangi nyepesi na kuongeza nzito kidogo kidogo, kwani tone la nyeusi likishazidi katika manjano, litadai ndoo nzima ya manjano kulirekebisha. Asihukumu rangi ikiwa mbichi. Achape kwenye kitambaa chenyewe cha oda na kwa wavu uleule, akaushe, apige pasi, kisha aitazame mlangoni kwenye mwanga wa jua na ndani chini ya taa, maana rangi mbili zaweza kufanana huku na kuachana kule. Akumbuke pia kwamba wino usioziba, yaani unaopitisha rangi ya kitambaa, ukiwa buluu juu ya fulana ya manjano utaelekea kijani.

Wateja wengine, hasa makampuni na mashirika, huja na namba ya Pantone, utaratibu wa namba za rangi ulioanza Marekani mwaka 1963. Namba hiyo ni msaada mkubwa, lakini kitabu chake cha kawaida kimechapwa kwenye karatasi, na namba ileile huonekana tofauti kwenye karatasi ya kung'aa na isiyong'aa, sembuse kwenye pamba. Picha ya simu isikubaliwe kamwe kuwa sampuli.

Ushauri wetu basi ni huu. Nyeusi, nyeupe, na rangi mbili tatu zinazoagizwa kila mwezi zinunuliwe katika makopo. Kuchanganya kuwe kwa nembo ya mteja anayerudi, au kwa oda inayoweza kubeba gharama yake. Na katika ankara uwekwe mstari wa malipo ya kuandaa rangi, maana saa mbili za mwanachama mezani si za bure. Karatasi ya mchanganyiko ibaki katika faili ya mteja, siyo mfukoni mwa fundi, ikiwa na tarehe, jina la mtengenezaji wa pigmenti, na idadi ya nyuzi za wavu kwa sentimita, kwa sababu wavu wa nyuzi 43 huweka wino mzito kuliko wa nyuzi 77, na rangi hubadilika hapo. Kipande cha kitambaa kilichochapwa kikatwe viwili: nusu apewe mteja, nusu ibanwe kwenye karatasi hiyo ikiwa na sahihi yake.