Nani Kaharibu Kisanduku?

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Mmefungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta. Programu ilitakiwa ichore kisanduku. Mistari haikuja. Juu mkaona lqqqqk, pembeni x, chini mqqqqj.

“Mjomba, nani kaharibu kisanduku?”

Hilo ndilo swali! Kuuliza si ujinga. Tumwulize q mwenyewe.

“Mimi?” anashangaa q. “Mimi sijaharibu kitu. Mimi ni namba 113 tu. Njiani sina tumbo wala mkia. Umbo nalipewa na skrini, ikishatazama jedwali lake.”

Mnaijua ngoma? Kijiji hiki wakisikia mdundo fulani, ni harusi. Kijiji cha pili wakisikia mdundo ule ule, ni msiba. Mdundo haukubadilika. Waliotofautiana ni wasikilizaji. Na namba ndivyo zilivyo.

Mwaka 1978, kampuni ya Digital Equipment ya Marekani ilitoa mashine iitwayo VT100, yenye skrini na kibodi. Ilikuwa na jedwali la herufi. Ilikuwa pia na jedwali la mistari. Programu ikitaka kuchora, hutuma ishara: “Badilisha jedwali!” Hapo 113 huwa mstari wa kulala, 120 mstari wa kusimama, 108 na 107 kona za juu. Kazi ikiisha, huja ishara nyingine: “Rudi!” Dirisha lenu jeusi linaiigiza mashine hiyo hadi leo.

“Je, ishara isipofika?”

Isipofika ya kwanza, unaona lqqqqk. Isipofika ya pili, herufi ndogo zote zinageuka mistari, kona na alama za ajabu. Herufi kubwa zinabaki salama! Usiogope. Andika reset, bonyeza Enter.

“Mbona mimi niliona ÄÄÄÄ?”

Una macho wewe! Hiyo ni namba 196. Kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, 196 ni mstari wa kulala. Kwenye jedwali la lugha za Ulaya Magharibi, 196 ni Ä. Mdundo ule ule.

“Si wangekubaliana jedwali moja tu?”

Wamekubaliana! Jedwali hilo linaitwa Unicode. Na mwaka 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuziandika namba zake ili zisafiri. Humo, mstari wa kulala husafiri kwa namba tatu: 226, 148, 128. Hizo lazima zisomwe pamoja. Skrini isiyojua huzisoma mojamoja. Ndipo panapotokea â, na alama ngeni nyuma yake.

Basi msimlaumu q. Ulizeni mambo mawili. Aliyetuma katumia jedwali gani? Anayesoma anatumia jedwali gani? Kisha ingieni kwenye mipangilio, mchague UTF-8 pande zote mbili. Upande mmoja hautoshi.