Seva ya Nyumbani: Namna ya Kuchagua Mashine na Programu

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni juu ya seva ya nyumbani. Seva ni kompyuta inayotunza picha, sauti na video, na kuzigawa kwa simu na televisheni zote za nyumba ile.

Faida yake ni nini? Tuseme wewe uliye Buswelu umerekodi sauti ya babu yako akisimulia habari za zamani kwa Kisukuma. Umepiga pia video za ngoma za Bulabo kule Bujora. Vyote vimo katika simu moja. Simu ikizama ziwani, sauti ya babu imekwenda nayo. Ukiwa na seva, vitu hivyo vina mahali pake. Tena video hupita kwa waifai ya ruta yako, haitoki nje kwenda kwenye intaneti. Kwa hiyo kuitazama hakuli bando.

Kwanza, mashine. Usikimbilie kununua mpya. Kompyuta mpakato ya zamani yafaa sana, kwa kuwa ina betri. Umeme ukikatika, haizimiki ghafula. Lakini ikague betri hiyo. Ikiwa imevimba usiitumie, maana yaweza kuwaka moto.

Sasa fanyeni hesabu. Mashine ya wati 60 ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hula yuniti 43.2 za umeme. Ya wati 10 hula yuniti 7.2 tu. Basi mashine iliyo rahisi dukani yaweza kuwa ghali kwenye LUKU.

Pili, diski. Terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000. Ikiwa kila video ni gigabaiti 2, zitaingia 500. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya diski moja huoza, kwa kuwa diski hufa bila kutoa taarifa. Afadhali diski mbili ndogo kuliko moja kubwa. Ya pili uiweke kwa ndugu yako, ili mwizi akija asizipate zote.

Tatu, programu. Kompyuta iendeshwe na Linux, ambayo ni ya bure. Juu yake weka programu ya kugawa video. Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018, ni ya bure, nayo haikudai ujiandikishe kwa kampuni yo yote. Plex ni rahisi kuanza nayo, lakini hutaka ujiandikishe kwa intaneti, na baadhi ya huduma zake ni za kulipia.

Nne, aina ya video. Televisheni isipoifahamu aina ya video yako, seva hulazimika kuigeuza papo hapo. Kazi hiyo huilemea mashine dhaifu, na picha hukwama. Dawa ni kuziweka video katika MP4 ya aina ya H.264, ambayo karibu kila simu na televisheni huifahamu. Ukifanya hivyo, mashine ndogo itatosha.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini kutazama video kutoka seva ya nyumbani hakuli bando?
2. Mashine ya wati 30 ikiwaka mwezi mzima wa siku 30, itakula yuniti ngapi?
3. Katika simu yako, ni kitu gani ambacho kikipotea hakitapatikana tena? Nakala yake iko wapi?

Kwaherini, ndugu. Tuonane katika somo lijalo.